Fundi wa Mapipa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka juu kwa kipimo anachokijua Yeye, akaihuisha kwayo ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetukataza kumwaga maji ovyo hata tukiwa ukingoni mwa mto. Namshukuru Mola wangu kwa jicho moja alilonibakishia lione, kwa mkono unaoshika kalamu bado, na kwa kunichelewesha duniani mpaka nikaona aibu. Wengi hufa kabla.

Mwaka huu, baada ya Idi, nilivuka kutoka Mutsamudu kwenda Moroni kutibiwa hilo jicho la pili. Nilifikia kwa mpwa wangu, na siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, imamu wa mtaa alitangaza msiba: amefariki Athumani wa Mapipa, maziko ni baada ya adhuhuri. Watu wakasema "Inna lillahi", wakainuka, wakatafuta viatu vyao. Mimi nilibaki nimekaa. Mpwa wangu alidhani ni magoti, akaja kunishika mkono. Hayakuwa magoti. Nilikuwa nimelisikia jina la mtu ambaye nilimkwepa kila nilipopita Moroni kwa zaidi ya miaka arobaini, na kumkwepa mtu katika mji mdogo hivyo ni kazi ya kila hatua, inataka bidii kama kuhifadhi Msahafu.

Kabla sijaendelea, ndugu zangu wa Unguja na Mombasa mnaonisoma, ambao Kiswahili chenu nilikiazima zamani na sijakirudisha, nawaomba mfahamu neno moja. Kwenu fundi ni mtu mwenye nyundo au cherehani. Kwetu Komori fundi ni huyo, na pia ni mwalimu wa dini, yule anayeanza na mtoto kwenye alifu na kumaliza naye kwenye tafsiri. Neno ni moja, watu wawili. Mwaka wa sabini na saba mimi nilikuwa fundi wa namna ya pili, nina miaka ishirini na miwili, kofia yangu imesimama kama mnara, na sikuweza kuvumilia kwamba neno hilo lina mlango wa nyuma ambao mtu mwenye nyundo anaweza kuingilia.

Nilitoka Mutsamudu kwenda Moroni kusomesha watoto, na nilipanga chumba kwa Koko Hadija. Koko kwetu ni bibi, na huyu alikuwa koko wa mtaa mzima, kizee mwembamba asiyecheka ila mtu anapoanguka. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa mji, penye njia ya kwenda Ikoni. Chumba cha mbele ni chake. Cha kati ni changu: kitanda cha kamba, mkeka, ndoo, rafu moja yenye vitabu vinne ambavyo nilivipanga ili anayepita mlangoni aione migongo yake. Kati yangu na chumba cha nyuma palikuwa na ukuta wa mbao ambao haukufika juu. Ua ulikuwa wa mawe meusi ya volkano na udongo kidogo baina yake, na pembeni palikuwa na birika la zege la kukusanyia maji ya paa, lililopasuka ubavu, halishiki hata nusu yake. Ngazija, kisiwa chenye Moroni, haina mto. Ardhi yake hainywi maji, inayameza. Mvua ikimaliza kunyesha asubuhi, jioni unatembea pakavu. Mimi nilizaliwa mahali ambapo mto unapita katikati ya watu, na siku ya kwanza tu, nikiwa na kata ya maji ya birika mkononi, nilimwambia Koko: "Kwetu Nzwani maji yanakuja yenyewe, hayasubiri paa."

"Basi rudi ukayanywe, baba," akasema, akaninyang'anya kata.

Huo ulikuwa mwaka wa mapinduzi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, Wafaransa wamekwisha kuondoka na mafaili yao, na utawala mpya ulifunga ofisi, ukachoma makaratasi, ukaukabidhi mji kwa vijana wa sekondari. Kila mtaa ulikuwa na komiti yake. Ya kwetu iliongozwa na kijana aitwaye Shamsidini, jua la dini, jina alilopewa na baba yake kwa matumaini ambayo Mungu hakuyathibitisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shati lililofunguliwa vifungo vitatu, na hotuba moja aliyoitoa kwa sauti mbalimbali. Aliwakataza wazee majoho, akazikataza harusi kubwa, akamwambia mwanamume mwenye wajukuu kumi, "Mzee, fikra zako zimeoza." Mimi nilimdharau kimyakimya, kwa sababu alikuwa na watu wenye marungu. Dharau ikizuiwa kupanda juu haifi. Inatafuta pa kuteremkia.

Pa kuteremkia palikuja mwezi huohuo. Walikuwa watu wetu waliokuwa wakiishi Majunga, kule Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini-mashariki yetu, ambao waligeukiwa na majirani wao wakauawa kwa mamia, na waliosalia wakaletwa kwa ndege na kwa meli. Mji uliwapokea kwa machozi wiki moja. Wiki ya pili ukaanza kuwaita kwa jina la kampuni ya ndege iliyowaleta, kama mizigo. Koko Hadija, ambaye hakulia hata hiyo wiki ya kwanza, alikwenda akachukua wawili akawaweka chumba cha nyuma: Athumani, mtu wa miaka thelathini hivi, mfupi, mikono yenye makovu ya bati, na mkewe Mwanaesha, aliyeacha Majunga mama na dada wawili chini ya ardhi na hakuwasemea kamwe mbele yetu. Usiku wa kwanza tulikula pamoja ukumbini, shelisheli la kuchemsha na samaki mkavu, na Koko akasema sharti lake huku akitoa miba.

"Chumba kile cha nyuma ni cha mpwa wangu aliyefungiwa ofisi. Yuko kwa wakwe, ana haya, hajarudi. Nyinyi kaeni. Mchele haupatikani, mnaona. Nyuma pale pana udongo. Ukitulisha mpaka mvua za mwaka ujao, mmekuwa watu wa nyumba hii na mpwa wangu atafute kwingine. Usipotulisha, mpwa wangu ni damu yangu."

"Udongo upo," akasema Athumani. "Maji je, wakati wa kiangazi?"

"Maji ni ya Mungu," nikasema mimi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Mwanaesha alinitazama, akaichukua sufuria ya ule wali kidogo Koko aliowapikia wageni kwa mchele wake wa mwisho, ukoko umeshikana chini, akatia maji, akachemsha, akatuletea yale maji ya hudhurungi vikombeni. Ndivyo wanavyokunywa Bukini baada ya chakula. Nilikisogeza kikombe kwa kidole. "Haya ni maji ya kuoshea sufuria," nikasema. "Huko kwenu mnakunywa uchafu wa vyombo?" Koko akakinywa chake mpaka tone la mwisho, akanitazama juu ya kikombe. Sikuelewa. Nilidhani ananiunga mkono.

Kesho yake Athumani alianza kutafuta mapipa. Alipata matatu ya bati, ya mafuta ya taa, yaliyotupwa karibu na bandari, akayaviringisha mpaka nyumbani kwa mguu wake. Mvua zilikuwa bado zinanyesha na alikuwa na haraka. Nilimtazama kutoka dirishani, kitabu kimefunguliwa mapajani, kwa siku nne mfululizo, na kama kuna kazi niliyowahi kuijua kwa kuitazama bila ya kuipenda ni hiyo. Aliyakata mapipa midomo kwa tindo na nyundo, tundu kwa tundu, akaukunja ukingo ndani usimkate mtu. Akajaza makumbi ya nazi akayawasha, moto ukala mafuta mpaka bati likabadilika rangi. Akasugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu, akanusa, akasugua tena. Akajenga jukwaa la mawe meusi kimo cha goti, ili maji yashuke yenyewe hadi mbogani, kwa tundu la chini lenye kizibo, bila ya kubebwa. Akapasua mianzi akaifunga chini ya paa iwe milizamu, na mahali inapomwagikia akaweka kopo la kugeuza, kwa sababu, alimweleza Koko, mvua ya kwanza inaosha paa, hiyo iachwe iende zake. Ya pili ndiyo ya kuwekwa. Midomo akaifunika kwa kitambaa cha shiromani kuukuu ya Koko, nguo ya kujitanda ya wanawake wetu, mbu wasitage. Na jambo la mwisho: karibu na kitako cha kila pipa alitoboa tundu, akaunganisha pipa na pipa kwa kipande kinene cha mpira, akaziba kwa lami. Nikamsikia akimwita mkewe. "Njoo uone." Alimimina ndoo nzima katika pipa la kwanza, wakasimama mbele ya la tatu, kimya, kama watu wanaongojea mtoto apige chafya. Maji yakapanda. Wakacheka wote wawili. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Mwanaesha akicheka.

Mara ya pili nilikuwa mimi ndiye sababu. Ule ukuta wa mbao haukuficha kitu. Alasiri moja nimejinyoosha, usingizi umenichukua nusu, nikasikia sauti yake ya chini: "Fundi wako ameanza tena. Hata akikoroma anavuta madda, kama anasoma Kurani."

"Nyamaza, atasikia."

"Asikie. Harakati sita kamili, hesabu mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, mume wake mpaka akakohoa. Nililala macho yamefunguka, nikitafuta katika vitabu vyangu vinne hukumu ya mwanamke anayemfanyia mzaha mwenye kuhifadhi Kurani. Sikuikuta. Sikuwa nimesoma sana, na hili nitalisema sasa hivi kwa sababu lina uzito katika habari hii: nilikuwa nimehifadhi vizuri, sauti Mungu alinipa, lakini katika fiqhi niliondoka kwa fundi wangu wa Mutsamudu mapema. Niliingia katika mlango wa maji, ambao ni mlango wa kwanza wa kitabu, nikatoka kabla haujafika nusu, kwa kuwa Moroni walikuwa wanataka mwalimu na mimi nilikuwa nataka kuitwa fundi.

Bustani ilishika. Mchicha, biringanya, nyanya, na yale majani ya Bukini yenye vichwa vya manjano yanayowasha ulimi, ambayo Mwanaesha aliyapatia mbegu kutoka kwa mwanamke mmoja aliyezitia katika pindo la nguo yake siku ya kukimbia. Tulikula. Mimi nilikula kuliko wote, na kila niliposhiba niliona kasoro. Majirani walikuja kuangalia mapipa, wakanusa ndani, wakauliza maswali ya kipumbavu, na wakaanza kusema "fundi" wakimaanisha yeye. "Fundi yupo?" mtu anauliza mlangoni, navaa kofia, natoka, na ananiambia, "Si wewe, yule wa mapipa." Wanafunzi wangu walilisikia. Watoto wa Moroni hawana huruma. Ukawa mchezo wao.

Kisha Shamsidini akaja na komiti yake, wakasimama uani wamekanyaga nyanya, akatoa ile hotuba. Safari hii aliitoa kwa sauti ya furaha.

"Ndugu! Tazameni! Fundi wa kweli ni huyu. Ana nyundo, ana jasho, anatulisha. Siyo wale mafundi wa kitabu, kazi yao kufungua mdomo: wakifungua kwanza wanasoma, wakifungua mara ya pili ni biriani."

Watu walicheka. Koko alicheka. Hata mwanafunzi wangu mkubwa alicheka, akajifanya amepaliwa. Athumani peke yake hakucheka, aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi nakata bati tu, ndugu. Fundi ni yule," akaninyooshea mkono kwa adabu. Ningekuwa na akili ningemshukuru. Niliyachukua yale maneno kuwa ni sadaka, na hakuna kinachomchoma mwenye kiburi kama sadaka ya mtu aliye chini yake. Shamsidini sikuweza kumgusa. Nikangojea.

Mvua zilikatika. Mapipa yalikuwa yamejaa, maji yamepungua shubiri moja tu kutoka mdomoni, na Athumani alikwishakokotoa kwa njia zake kwamba akimwagilia kwa kikombe shinani, asubuhi na jioni, yatafika mpaka mvua ndogo za katikati ya kiangazi. Siku moja Koko alikwenda kutawadha, kwani birika lilikuwa limebaki matope. Akafunua kitambaa cha pipa la kati, kilichotafunwa ukingoni, na ndani yake panya, amekufa, anaelea.

"Fundi!" akaita.

Tulitoka wote wawili. Koko akamtazama Athumani. "Si wewe. Wa kitabu."

Naikumbuka furaha yangu, na naiandika hapa ili inisute. Niliinua mkono kuwanyamazisha majirani walioanza kuchungulia. Nikawaeleza kwamba katika madhehebu yetu maji yakiwa mengi, yamefika kile kipimo kiitwacho kulatayni, najisi haiyaharibu maadamu hayakugeuka rangi, ladha wala harufu. Na yakiwa chini ya hapo, tone moja la najisi linayaharibu yote. Hayo niliyajua, ni mistari ya mwanzo. Kisha nikapima pipa kwa dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mimi ni mtu mrefu. Jinsi mkono unavyokuwa mrefu ndivyo pipa linavyozidi kupungua, na wa kwangu niliunyoosha mpaka kucha ikauma.

"Halikufika," nikasema. "Najisi. Yamwagwe."

"La kati hili, fundi?" akauliza Athumani.

"Yote. Si umeyaunganisha mwenyewe?"

Aliinama akaugusa ule mpira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Basi fundi, nisamehe. Kama nimeyaunganisha na najisi imepita kutoka hili kwenda lile, si ndiyo kusema haya ni maji mamoja? Nikimimina kule, huku yanapanda. Na kama ni maji mamoja, hayo ni mapipa matatu. Hayafiki hicho kipimo mara mbili na nusu?"

Sikuwa nimeufikia ukurasa huo. Niliona majirani wananyoosha shingo kwa namna ya watu waliokwisha kuelewa, na mbele ya macho yao wote nikaona kofia yangu inaanguka.

"Unataka kunisomesha mlango wa maji?"

"Hapana, fundi. Nauliza."

"Anayeuliza akishauliza hufunga mdomo. Au Bukini walikufundisheni kuwarudishia maneno waalimu?"

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kile kikaniokoa. Athumani akajaribu mara moja tu tena. "Basi tusitawadhie. Tumwagilie mboga."

"Mboga za najisi, Koko azile? Kizee cha watu, mguu mmoja kaburini?"

Koko Hadija alisimama kati yetu, kata mkononi. Alikuwa mjanja kuliko mtaa wote, lakini aliogopa moto wa Jahanamu kama watu wa zama zake walivyouogopa, yaani kweli. "Fundi amesema," akasema taratibu. Athumani akapiga magoti, akang'oa vizibo vya chini kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakatoka kwa nguvu, meupe, safi, hayana harufu, yakapita juu ya mawe meusi, na kabla hayajafika mlango wa ua ardhi ilikuwa imekwisha kuyameza. Mwanaesha alikuja mbio na ndoo. Nikamwambia asijichafue. Akasimama na ndoo yake tupu, akamtazama panya aliyebaki chini ya bati.

"Hata huyu kafa bure," akasema.

Nyanya zilikufa kwanza, kisha mchicha. Biringanya ni mmea mkaidi, ulijikunja wiki kadhaa. Mwanaesha alikuwa akiomba maji ya kunawia vyombo kwa jirani, anayamimina kwenye majani yale ya Bukini tu, mstari mmoja, na mstari ukapungua ukawa mashina matano. Mvua ndogo za katikati ya kiangazi mwaka ule hazikuja. Mezani tulirudi kwenye shelisheli na samaki mkavu, na kisha shelisheli. Watu waliniheshimu. Mwanamke mmoja aliniletea sukari, nikaipokea. Shamsidini hakuja tena kuulizia fundi wake wa kweli. Mapinduzi yalikuwa yamepata bustani nyingine ya kuikanyaga. Siku ya mwisho Mwanaesha alikata yale mashina matano, akayapika mchuzi, akagawa mabakuli manne sawasawa, na la kwangu akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama mgeni. Nilikula. Sikuacha hata jani.

Koko alitimiza neno lake, nadhani bila ya kupenda. Mpwa akarudi chumbani. Athumani na mkewe waliondoka asubuhi moja kwa njia ya Ikoni, yeye akiviringisha mapipa yake matatu matupu, moja mbele, akirudi kuchukua jingine, akirudi tena. Nilikuwa darasani. Bati likiviringishwa juu ya mawe linapiga kama ngoma ya mtu mlevi, na sauti ile ilichukua muda mrefu sana kwisha. Watoto walinyanyua vichwa vyao kutoka kwenye mbao. Mmoja akasema, "Fundi anaondoka." Hakuna aliyecheka, na mimi sikumpiga.

Mwaka uliofuata utawala ule ulianguka. Wazee wakatoa majoho masandukuni, na nikarudi Mutsamudu kumalizia niliyoyakimbia. Fundi wangu alinikalisha tena kwenye mlango wa maji, na asubuhi moja, nikisoma kwa sauti yangu ile nzuri, nilifika kwenye maneno ya mabirika mawili yaliyounganishwa, kwamba yanahesabiwa pamoja ikiwa tundu ni pana na ukitikisa moja la pili linatikisika. Nikaurudia mstari ule mara tatu, nisiende mbele.

"Endelea," akasema.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akijikuna goti.

"Uliufikia ukurasa huu kabla hujatoa hiyo fatwa?"

"La, fundi."

"Na mboga ulizikataza kwa ukurasa gani? Mmea ukinyweshwa maji ya najisi, unaosha jani unakula. Tangu lini biringanya ikasali, hata itake maji ya udhu?" Akaangua kicheko kikavu. "Mwenzako alisoma kwa bati akafika. Wewe umesoma kwa kitabu, ukashukia njiani."

Ningeweza kupanda chombo wiki ileile, nikaenda, nikasema. Sikwenda. Nilipita Moroni mara nyingi miaka hiyo, na kila mara nilijua alipo, kwa kuwa mapipa yake yalikuwa yameenea mji mzima chini ya kila paa. Nikiyaona nazunguka njia nyingine. Watu huita hayo haya. Haya ni sehemu ya imani. Kile changu kilikuwa woga uliovaa kanzu. Nimewasomesha watoto wengi mlango wa maji tangu siku ile, ukurasa kwa ukurasa, sijamrusha mtu hata mstari, na kila nikifika pale nawaambia kisa cha "mtu mmoja" aliyekosea. Mtu mmoja. Hata mbele ya watoto sikuthubutu.

Basi nilikwenda msibani. Nyumba ya marehemu iko kwenye njia ileile ya Ikoni waliyoondokea, ya matofali, na uani kuna bustani ambayo ilinifanya nisimame. Yale majani yenye vichwa vya manjano yalikuwa yamejaa mpaka ukutani. Wanaume walikuwa wamekwama. Bomba la mji siku hiyo lilikuwa kavu, maiti yuko ndani anangojea kuoshwa, jua linapanda, na mapipa ya marehemu, matatu, ya plastiki ya buluu, yalikuwa yamejaa. Ila pipa la kwanza kitambaa kilikuwa kimefunuka, na kunguru ameangushia kinyesi ndani. Waoshaji walikuwa wanabishana watume gari likatafute maji wapi. Mmoja akaziona ndevu zangu.

"Fundi huyu hapa, wa Nzwani. Fundi, kila pipa halifiki kulatayni. Tuyamwage?"

Mlangoni, mbele ya wanawake, alikaa kizee mwenye shiromani nyeusi. Alikuwa ananitazama. Sikuhitaji jicho la pili kumtambua.

Nikaegemea fimbo, nikainama kutazama mipira ya chini. Ilikuwa minene, mkono wa mtoto unapita. Nikaokota kata, nikayakoroga kwayo maji ya lile pipa la kwanza kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, nikaenda kusimama mbele ya la tatu. Maji yakatikisika.

"Ni maji mamoja," nikasema. "Ni mengi, na hayakugeuka. Mwosheni nayo."

"Hivyo ndivyo alivyokwambia yeye," akasema Mwanaesha kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa na hasira wala msamaha. "Wewe ulikuwa unapima mkono."

Nikasema mbele ya watu wote kwamba ni kweli. Nikawaambia mtu yule mmoja ni mimi. Wengi wao walikuwa vijana, hawakujua ninazungumza nini, wakadhani ni uzee. Waliingia ndani na ndoo zao, nikasikia maji yanamiminwa. Tulimzika baada ya adhuhuri. Tuliporudi, tumekaa mkekani, msichana wa nyumba aliniletea kikombe peke yangu, cha maji ya hudhurungi, ya moto, yenye harufu ya wali ulioungua.

"Bibi anasema," akasema, akijitahidi asicheke msibani, "fundi apime kwanza kwa mkono wake, kama yanafika."

Nikayanywa yote, mpaka tone la mwisho.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe elimu kabla ya kukupa ulimi, akufikishe kila ukurasa unaouhitaji mtu mwingine, akunyeshee mvua ya kipimo chako, na akurudishe kwa uliyemdhulumu angali hai, akiwa na nguvu bado za kukujibu. Amina.